Kamchatka: Bahari Mbili, Tabia Nchi Tatu

Rasi ya Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi, ina urefu wa kilomita 1,200 hivi. Magharibi imepakana na Bahari ya Okhotsk, mashariki na Bahari ya Bering na Pasifiki. Mji wake mkuu, Petropavlovsk-Kamchatsky, uko latitudo ya 53 kaskazini, sawa na Dublin, na jua huiangaza miji hiyo miwili kwa pembe ileile. Hata hivyo, wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 5 za selsiasi Dublin, na kama nyuzi 7 chini ya sifuri Petropavlovsk.

Dublin hupata upepo uliopita juu ya maji yenye joto ya Atlantiki. Petropavlovsk haina bahati hiyo. Pwani yake hupitiwa na mkondo baridi unaoteremka kutoka Bahari ya Bering, ambao kusini zaidi huwa sehemu ya mkondo wa Oyashio. Nazo pepo kavu za Siberia huvuma majira ya baridi kupitia Okhotsk, ambayo sehemu yake kubwa huganda. Barafu huzuia joto la maji lisipande hewani, hivyo upepo huvuka bahari kama unaovuka nchi kavu. Ndiyo maana pwani ya magharibi ina baridi kali kuliko ya mashariki.

Lakini Pasifiki, japo baridi, ni hisani kubwa. Maji hupoteza joto polepole kuliko ardhi, na yanapopoa juu huzama, yale ya chini yakapanda. Faida hiyo huonekana ukivuka milima kuingia bonde la kati la rasi. Huko Milkovo, kaskazini mwa Petropavlovsk, Januari huwa baridi zaidi kwa takriban nyuzi 10.

Hisani hiyo ina gharama yake, nayo ni theluji. Majira ya baridi, eneo la kanieneo ndogo hutanda juu ya Visiwa vya Aleuti na kuzalisha dhoruba zenye unyevu mwingi. Zikigonga milima ya volkano ya pwani, hewa hupanda, hupoa na kumwaga ilichobeba. Petropavlovsk hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua na theluji kwa mwaka, wakati bonde la kati, lililokingwa na milima, hupata kiasi kidogo kuliko hicho.

Kiangazi mambo hugeuka. Hewa vuguvugu ikipita juu ya mkondo baridi hutonesha mvuke wake, na ukungu hufunika pwani siku nyingi. Kwa kuwa bahari huchelewa kupata joto, kilele cha kiangazi Petropavlovsk ni Agosti, tena kwa nyuzi 13 tu hivi. Ndani ya bonde, Julai huwa na joto zaidi. Huko humea misonobari ya aina ya larchi na mispruzi, na watu hulima viazi. Pwani hutawaliwa na mibetula iliyopindapinda kwa upepo na uzito wa theluji.