Mkongojo wa mzee una kipimo chake

Mwezi huu tunazungumzia kitu kilichomo karibu katika kila nyumba yenye mzee, nacho ni fimbo ya kutembelea. Wengine huiita mkongojo, wengine bakora, hasa ile yenye kichwa kilichopinda. Wazee wetu huitaka ifanye kazi mbili: iwasaidie kutembea, na iwakinge na mbwa, nyoka na wezi. Sisi wauguzi tunaona kwamba kazi hizi mbili mara nyingi hugombana, na anayeumia ni mzee mwenyewe.

Tuanze na urefu. Fimbo nyingi huchongwa au hununuliwa sokoni bila kumpima atakayeitumia. Mzee asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Fimbo iliyozidi humwinua bega na kumchosha. Iliyopungua humwinamisha, na mtu aliyeinama huanguka upesi. Ile fimbo ndefu ya wachungaji wa Kimaasai ni nzuri kwa mtu mwenye nguvu anayesimama machungani au kuteremka mlima. Kwa mwenye goti bovu haifai, kwa sababu mkono ulio juu hauwezi kukandamiza chini na kubeba uzito.

Je, ishikwe kwa mkono gani? Hapa wengi hukosea. Anayeumwa mguu wa kulia huishika kwa mkono wa kulia. Inatakiwa mkono wa kushoto, yaani upande wa mguu mzima. Fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja, kisha mguu mzima ufuate. Hata mtu mwenye afya akitembea, mkono wa kushoto huenda na mguu wa kulia. Uzito ukigawanywa hivyo, nyonga yenye maumivu hupata nafuu. Kwenye ngazi, kupanda utangulie mguu mzima. Kushuka, fimbo na mguu mbovu vitangulie.

Mpingo unapendwa kwa weusi wake na kwa heshima, lakini ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Kwa mzee dhaifu tafuteni mti mwepesi, mkavu, usio na ufa. Ncha ya chini ivishwe mpira, maana mti mtupu huteleza kwenye saruji yenye maji. Mpira ukilika, ubadilishwe.

Sasa tuje kwenye kujikinga. Mzee anayeegemea fimbo akiinyanyua ili apige, amejiondolea mguu wa tatu, na huenda akaanguka kabla hajapiga. Mzee akianguka, anaweza kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Wengi wa waliovunjika hivyo hawatembei tena kama zamani, na wapo wanaofariki katika mwaka huohuo kwa sababu ya kulala kitandani muda mrefu.

Basi akikutana na mbwa mkali, asikimbie wala asimchape. Aegemee ukuta au mti, aiweke fimbo kati yake na mbwa, atulie, apige kelele za kuita watu. Akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Msipake ugoro wala mafuta. Siku hiyohiyo aende kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Si kila zahanati ina chanjo hiyo, kwa hiyo msingoje kesho.

Kwa nyoka, fimbo itumike kugonga njia usiku pamoja na tochi, si kupigana. Mkongojo haufiki hata mita moja, na swila hutema sumu mbali zaidi ya hapo, akilenga macho. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi, kisha aende hospitali.

Kuhusu wezi tutasema machache. Anayepigwa fimbo huinua mkono kujikinga, na mfupa ulio upande wa kidole kidogo huvunjika. Hilo hutibika. Pigo la kichwa ni jambo jingine: mtu anaweza kuinuka, akazungumza, akaenda nyumbani, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu, na baada ya saa chache akapoteza fahamu. Aliyepigwa kichwani, awe mwizi au mwenye nyumba, apelekwe hospitali akiwa bado anaongea.

Na mzee akianguka mara mbili bila sababu inayoonekana, msimwongezee fimbo tu. Mleteni apimwe shinikizo la damu na macho, na mje na dawa zote anazotumia, hata zile za dukani.