Mpangaji mwenye paka, kuku na mbwa: aseme kabla au baada ya kodi?

TUMEULIZWA swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, lakini tulipolitafakari tuliona ndani yake mna mlango wa dhulma. Muulizaji ni mwalimu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tabora, mwendo wa takriban kilomita 400 kwa reli. Ana mke, watoto wanne, paka wawili, kuku kumi na mmoja, jozi tatu za njiwa na mbwa mmoja wa ulinzi. Alitafuta vyumba Mwanga na Gungu, na kila alipotaja wanyama mlango ulifungwa. Hatimaye akateremka Ujiji, akaoneshwa nyumba yenye ua mpana na mwembe. Hapo ndipo dalali alipomvuta pembeni, akamwambia: "Mwalimu, safari hii usiseme. Lipa kodi ya miezi sita, ingia, kisha walete mmoja mmoja usiku. Mwenye nyumba akishaila kodi, atafanya nini?"

Mwalimu akaja kwetu baada ya swala ya Isha, akauliza: je, kunyamaza nako ni uongo?

Ndugu msomaji, kupangisha nyumba katika sheria ya Kiislamu ni ijara, nayo ni ndugu wa biashara. Mwenye nyumba hauzi kuta wala bati. Anauza manufaa ya nyumba kwa muda unaojulikana, kwa malipo yanayojulikana. Na sote tunaijua habari ya Mtume (SAW) alipopita kwa muuza nafaka sokoni, akatia mkono ndani ya lundo, akakuta chini kumelowa. Muuzaji yule hakusema neno la uongo. Aliweka kikavu juu na kibichi chini, basi, na Mtume (SAW) akalihesabu jambo hilo kuwa ni udanganyifu. Mpangaji anayemficha mbwa ili apewe ufunguo naye ameweka kikavu juu. Kwa hiyo jibu letu kwa mwalimu lilikuwa hili: ukijua kwamba mwenye nyumba angelikataa lau angelijua, basi kunyamaza kwako ni ghishi, na dalali aliyekushauri ni mshirika wako.

Tena kwa upande wa dunia ushauri ule ni mbovu. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba na kuwakinga wapangaji ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kinga kubwa ya mpangaji ni mkataba wake. Aliyeingia kwa kuficha ameitoboa kinga yake mwenyewe.

Lakini tusimlaumu mpangaji peke yake. Nyumba zetu nyingi za Ujiji tunazijua: korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua mmoja wenye jiko, choo na bomba vya watu wote. Katika ua huo mama mmoja ameanika dagaa, mwingine ametandaza muhogo, na mzee anatia udhu kwenye kiti chake. Anayeleta wanyama kumi na wengi zaidi ndani ya ua wa namna hii hamletei mwenye nyumba peke yake. Anawaletea majirani ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana tunasema mazungumzo yawe na wapangaji waliopo pia, na yafanyike kabla ya fedha kuhesabiwa.

Na hapa wanazuoni hawakutuacha gizani. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafii hukisoma, amelitaja suala la paka aharibuye chakula au ndege wa watu. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba paka akijulikana kuwa na tabia hiyo, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana. Na ikiwa haijulikani, hatalipa. Tazama uadilifu huo! Dagaa wa jirani wakiliwa mara ya kwanza, huenda ikawa ni bahati mbaya. Paka akishakuwa mwizi maarufu wa ua mzima, mwenyewe afungue mkoba. Tungependa kuliona sharti hili likiandikwa katika mikataba yetu, kwani ugomvi wa dagaa tumeusuluhisha mara nyingi kuliko ugomvi wa mirathi.

Paka mwenyewe hana tatizo la tohara. Sahaba Abu Qatada (RA) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akamweleza mkwewe Kabsha, aliyekuwa akistaajabu, kwamba Mtume (SAW) amewahesabu paka kuwa si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzungukia majumbani. Mwenye nyumba anayemkataa paka kwa hoja ya unajisi amekosea hoja, ingawa haki ya kukataa anayo kwa kuwa nyumba ni yake.

Mbwa ana mlango wake. Kwa madhehebu ya Shafii mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wamesema mbwa aliye hai ni tohara, na kwao kuosha ni ibada tu. Kumfuga kwa mapambo tu kumekatazwa, na thawabu za mfugaji hupungua kila siku. Walioruhusiwa kwa nassi ni mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa shamba. Nawawi akaona kuwa lililo sahihi zaidi ni kumruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kukisia juu ya hao watatu. Basi mwalimu wetu hana dhambi kwa mbwa wake mlinzi. Hata hivyo, ruhusa ya kufuga si ruhusa ya kumwingiza katika ua ambamo mzee wa miaka themanini anatawadha. Ni mambo mawili. Zaidi ya hayo, mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya safari, na cheti kiwe mkononi anapoonana na mwenye nyumba. Kwa kuku na mifugo mingine aonane na daktari wa mifugo wa halmashauri anayotoka, apate kibali cha kuisafirisha.

Kuku wasidharauliwe. Mdondo ukiingia uani huwamaliza kuku wa nyumba nzima kwa siku chache. Mtume (SAW) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwaleta kwa ngamia wazima, na kuku wa Ujiji wana haki hiyo hiyo. Chanjo yake ni tone la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wakifika, wafungiwe kwanza peke yao wiki mbili. Humo humo watazoea pa kulala. Paka nao wasitolewe nje kwa wiki mbili au tatu, la sivyo watapotea wakitafuta nyumba ya zamani. Ama njiwa wakubwa, akili yao yote iko kwenye kitundu walichozaliwa, na wengi huondoka mara wakifunguliwa. Tulimshauri mwalimu awaachie wenyeji wake wa Tabora, kisha aanze upya na makinda.

Wako wanaokuja kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Hao wajue kwamba mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, ndege huyo aliwekwa katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Bila nyaraka, tatizo lake si la mwenye nyumba tena.

Nyumba nayo ikaguliwe. Richard Burton alipofika Ujiji mwezi Februari 1858 alipewa tembe bovu lililojengwa na mfanyabiashara wa Kiarabu, naye alilalamikia papasi waliokuwamo. Papasi wangali wanajificha katika nyufa za kuta za udongo na sakafu za vumbi, wanafyonza damu ya mtu na ya kuku, na wanaambukiza homa. Nyumba ya udongo ambamo kuku wamelala miaka mingi isipangwe kabla ya nyufa kuzibwa na sakafu kusilibwa upya.

Pengine msomaji atasema: si awaache tu huko atokako? Hilo ndilo linalofanywa na wengi, nasi hatuna usafi wa kujisifu. Miaka mingi iliyopita tulipohama kutoka Gungu kuja Ujiji, tulimwacha paka wetu tukisema atajitafutia. Siku ya tisa tukarudi kuchukua mlango uliobaki. Alikuwa amelala kwenye kizingiti, mbavu zikihesabika, na alipotuona hakukimbilia chakula bali alikuja kujisugua miguuni. Sisi ambao Jumatatu ile tulikuwa tumewasomesha watoto habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie! Tulimbeba, lakini hakuishi mwezi.

Na watoto je? Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik (RA), alikuwa na kindege akichezea. Kilipokufa, Mtume (SAW) alimwona mtoto ana huzuni, akamsemesha na kumuuliza habari za ndege wake. Mwanazuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, alitunga kijitabu kizima akatoa faida 60 katika hadithi hiyo fupi. Mzazi anayemtupa mnyama wa mwanawe siku ya kuhama, bila kumwambia neno, hajaiona hata moja.

Mwalimu alirudi kwa mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, akamweleza kila kitu kabla ya kutoa shilingi. Mama akanyamaza kitambo, kisha akauliza mbwa atalala wapi na nani ataosha ua. Akawakubali paka na kuku, kwa sharti la dagaa na banda la kuku kuwekwa mbali na bomba. Mbwa akamkataa, kwa ajili ya yule mzee wa chumba cha mwisho. Dalali alisikitika, lakini kodi ya mwezi mmoja, ambayo ni haki yake, aliipata.

Mbwa amepelekwa kwa mjomba wa mke wa mwalimu, anayefuga mbuzi nje ya mji wa Tabora. Watoto humpigia simu mjomba huyo kila Ijumaa kuuliza kama amekula.