Kuganda ni rahisi, kuamka ndio kazi

Hebu pita bandari ya Kilindini. Yale makontena ya baridi huchomekwa umeme usiku na mchana, na samaki aliyegandishwa ndani hukaa miezi bila kuoza. Sasa jiulize: kwa nini mgonjwa asigandishwe leo, aamshwe tiba yake ikipatikana?

Wapo waliojaribu. Mmarekani James Bedford alifariki kwa saratani, akagandishwa tarehe 12 Januari 1967. Mwili wake bado umehifadhiwa Arizona, ndani ya naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hajaamka. Hakuna hata mmoja aliyeamka.

Shida iko wapi? Mtoe samaki kwenye friza umwache ayeyuke. Sinia litajaa maji, nyama italegea. Maji yakiganda hupanuka, ndiyo maana chupa uliyoisahau kwenye friza hupasuka. Seli za mwili wako nazo zimejaa maji, na barafu huzichana.

Wataalamu hupunguza maji hayo na kutia dawa ili mwili ugande kama kioo, bila barafu. Lakini dawa zikizidi ni sumu. Wakati wa kupasha joto, upande mmoja ukitangulia mwingine, kiungo hupata nyufa. Na ubongo? Huanza kuharibika dakika chache tu baada ya damu kusimama.

Kwa vitu vidogo, mambo yanaenda. Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu. Mayai ya Fatu yamerutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, na viinitete vyake vinasubiri kwenye baridi ile ile ya nyuzi 196.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza kwamba figo za panya zilizokaa kwenye baridi hadi siku 100 zilipashwa joto, zikapandikizwa na kufanya kazi.

Hapo ndipo penye tumaini. Huenda unamjua mtu anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Siku figo ya binadamu itakapoweza kuwekwa akiba hivyo, yeye ndiye atakayefaidi, tena akiwa hai. Kumwamsha Bedford ni hadithi nyingine kabisa.