Tumbo Likiuma Baada ya Dawa ya Kichocho

Kila dawa ya kichocho inapogawiwa skuli za Unguja, wazazi huuliza yale yale. Mbona mwanangu kaumwa na tumbo? Mbona katapika? Je, haitamzuia kuzaa?

Hili la mwisho ni uongo, na limeshaleta balaa: mwaka 2008 uvumi kuhusu dawa hizi ulizusha ghasia skuli za Morogoro. Kinachoweza kumharibia msichana uzazi ni kichocho kisichotibiwa, kwani mayai ya mnyoo hunasa kwenye njia ya uzazi na kuacha makovu.

Na tumbo? Minyoo ya kichocho chetu hukaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume kamkumbatia jike, miaka na miaka. Kinga ya mwili hupita ubavuni mwake isiitambue, maana minyoo imejivika chembechembe za mwenyeji wake. Prazikwanteli, ndiyo hiyo dawa ya kichocho, hufungua kijitundu fulani katika seli za mnyoo. Dawa hii inatumika tangu miaka ya 1980, lakini kijitundu chenyewe kilitambuliwa mwaka 2019. Kalsiamu humiminika ndani, misuli hukakamaa, ngozi ya mnyoo hutumbuka, na kilichokuwa kimefichwa huwa wazi mbele ya kinga. Mabaki ya minyoo inayokufa huchangia homa, kichefuchefu na maumivu. Ndiyo maana aliyekuwa na minyoo mingi huumwa zaidi.

Swali gumu lilikuwa jingine: je, ni salama kuimeza prazikwanteli pamoja na aivamektini na albendazoli, ambazo Zanzibar ilikuwa ikizigawa dhidi ya matende tangu 2001? Halikujibiwa kwa kubahatisha. Huko Thailand, watu wenye afya walipewa dawa hizo tatu ili ionekane kama moja inaivuruga nyingine mwilini. Kisha hapa Zanzibar zikapewa watu 5,055, watoto kwa wakubwa, katika maeneo mawili, bila madhara makubwa kuonekana. Hapo ndipo, Novemba 2006, zilipogawiwa watu wapatao 700,000. Watafiti wenyewe waliweka sharti: njia hii inafaa pale ambapo dawa moja au mbili kati ya hizo zimeshatolewa kwa awamu kadhaa na minyoo imepungua. Penye minyoo tele, inayokufa kwa mkupuo ni mingi mno.

Hivyo ndivyo dawa inavyojaribiwa. Sasa mwulize muuza chupa ya dawa ya "kusafisha mwili" amempa nani kabla yako, na wangapi walidhurika. Hana jibu, kwa sababu hajawahi kuhesabu. Anachouza ni kamari na mwili wa mtoto wako.

Siku ya dawa, mtoto ale kwanza. Chakula hupunguza kichefuchefu na huusaidia mwili kuinyonya dawa. Apimwe urefu ili uzito ukadiriwe, kwani kipimo hufuata uzito: wa kilo 30 humeza vidonge viwili vya miligramu 600, vikubwa na vichungu. Mgonjwa asubiri apone. Mtoto akirudi kuoga mtoni anaweza kuambukizwa tena, na minyoo michanga haiuawi na dawa hii.

Akizidiwa, mpeleke kituo cha afya. Akiumwa kidogo tu, pia toa taarifa, usiishie kumsimulia jirani. Usalama wa ugawaji ule wa 2006 ulifuatiliwa pia kwa kutegemea watu waliofika wenyewe kusema walichokipata.