Neno "Capital": Maana Zake na Asili Yake

Katika madarasa ya siasa tumekutana mara nyingi na kada anayesoma vitabu vya Kiingereza akakwama kwenye neno "capital". Kamusi humwambia kuwa ni mji mkuu, ni herufi kubwa, ni mtaji, na likiambatana na neno la adhabu, ni adhabu ya kifo. Je, mambo hayo yana uhusiano gani?

Asili yake ni moja. Kwa Kilatini "caput" ni kichwa. Mji mkuu ni kichwa cha nchi. Herufi kubwa hukaa kichwani mwa sentensi. Aliyehukumiwa kifo alilipa kwa kichwa chake. Maana ya mali ilikua miongoni mwa wafanyabiashara wa Italia katika karne ya 12 na ya 13: fedha iliyokopeshwa ikawa kichwa cha deni, mbali na riba iliyozaliwa nayo. Kutoka mzizi huo Kiingereza kilipata pia "cattle", yaani ng'ombe, na "chattel", yaani mali inayohamishika. Chini ya sheria za utumwa za Marekani, binadamu aliwekwa katika fungu hilo la "chattel". Maneno hubeba historia ya matabaka.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo. "Rasilimali" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali. "Bepari" limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako ni mfanyabiashara tu. Maana ya mnyonyaji imekuja na mapambano ya kisiasa.

Hatari iko hapa. Kada akishika kwamba "capital" ni fedha tu, atadhani kila mwenye fedha au chombo ni bepari. Karl Marx, katika kitabu chake cha mwaka 1867, alieleza kwamba mtaji si kitu, bali ni uhusiano baina ya watu unaopitia katika vitu. Alitoa mfano wa Mwingereza Peel, aliyepeleka vyakula, zana na wafanyakazi hadi Swan River, Australia. Kule ardhi ilikuwa tele, nao wafanyakazi wakamwacha. Mali anayo, lakini wa kumtekea maji hana! Uhusiano wa unyonyaji hakuweza kuupakia melini.

Vivyo hivyo, cherehani ya fundi anayejishonea mwenyewe si mtaji kwa maana hii. Cherehani hiyo hiyo, katika kiwanda cha tajiri anayenunua nguvu-kazi ya wengine ili apate faida, ni mtaji. Ndiyo maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora.

Basi kada anapokutana na neno hili aulize: nani anamiliki? Nani anafanya kazi? Nani anachukua ziada? Asipouliza, atampiga vita fundi cherehani na kumwacha mnyonyaji akipita.