Spika ndogo za mjomba ziliunguaje, sabufa ikabaki nzima?

Mjomba wangu ana kibanda umiza pale Mugumu, wilayani Serengeti. Watu wanakuja kuangalia mpira na filamu. Mwaka jana alinunua risiva ya mtumba, zile nzito za zamani, pamoja na spika ndogo tano na sabufa moja. Miezi miwili haijaisha, spika mbili za mbele zikaungua. Fundi akamshauri anunue kubwa zaidi. Mimi nikamwambia, "Shikamoo mjomba, kabla hujatoa hela, hebu nipe rimoti."

Kumbe kosa lilikuwa kwenye menyu. Twende taratibu.

Besi inataka hewa nyingi

Sauti ni mtetemo wa hewa. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja tunaiita masafa, na tunayapima kwa Hz. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia Hz 20 hivi hadi Hz 20,000. Besi iko huko chini.

Sasa, spika ikitaka kutoa sauti ya nguvu ileile, kila masafa yanaposhuka kwa nusu koni yake lazima icheze mara nne zaidi. Kama kwa Hz 160 ilicheza milimita 1, kwa Hz 80 itahitaji milimita 4, na kwa Hz 40 milimita 16! Spika yenye koni ya ukubwa wa kiganja haiwezi. Inakwaruza, besi haitoki, mwenye kibanda anaongeza sauti akidhani nguvu haitoshi. Umeme mwingi unaingia kwenye koili ya spika, unageuka joto, na koili inaungua.

Wakurya wa Tarime na Serengeti wanalijua jambo hili kwa mikono yao: litungu, lile zeze la nyuzi nane, lina tumbo kubwa lililowambwa ngozi. Sauti nzito inadai chombo kikubwa.

Krosova: mgawa kazi

Ndani ya risiva kuna kichujio kinachoitwa krosova. Kazi yake ni kugawa sauti: iliyo chini ya kiwango fulani, tuseme Hz 80, inapelekwa kwenye sabufa, iliyo juu inabaki kwa spika ndogo. Haikati ghafla kama panga, inapunguza kidogo kidogo.

Kwa nini Hz 80? Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 80 lina urefu wa mita 4 na ushee. Masikio yako yametengana sentimita chache tu, hivyo ubongo unashindwa kujua wimbi refu namna hiyo limetokea wapi. Ndiyo maana sabufa inaweza kukaa pembeni na bado ukahisi mlipuko umetokea kwenye skrini. Kampuni ya Lucasfilm ilipoanzisha viwango vya THX mwaka 1983, ilikuwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Baadaye THX ilipoingia majumbani, Hz 80 ndiyo ikawa namba yake.

Ukiwa na risiva ya zamani, fanya hivi

Kwanza, ingia kwenye mipangilio ya spika. Neno "LARGE" halikuulizi ukubwa wa boksi. Maana yake ni "ipelekee spika hii kila kitu, hata besi". Chagua "SMALL". Mjomba alikuwa ameweka "LARGE", kwa sababu, kwa maneno yake, "zinasikika mpaka barabarani, mpwa wangu".

Pili, baadhi ya risiva za zamani zina kiwango kimoja tu cha krosova, nyingine zinakupa chaguo. Kama spika zako ni ndogo sana, chagua 100 au 120.

Tatu, kitufe cha krosova kilicho mgongoni mwa sabufa kizungushe hadi mwisho. Risiva imeshachuja; ukichuja mara mbili, sehemu ya besi inapotea katikati.

Nne, kama deki ya DVD umeiunga kwa nyaya sita za analogi, risiva nyingi za zamani hazichuji kabisa sauti ya njia hiyo. Tumia waya wa dijitali, au fanya mipangilio kwenye deki yenyewe.

Mjomba alinunua spika mbili za ukubwa uleule wa zamani. Mpaka leo ni nzima.

Limebaki jambo moja: jirani mwenye mtoto mchanga. Tembo wa Serengeti huwasiliana kwa mngurumo ulio chini ya Hz 20, na hufika kilomita kadhaa, kwa sababu wimbi refu linazunguka miti na halipotezi nguvu upesi. Kwa besi ya sabufa, ukuta wa tofali ni kizuizi kidogo sana. Ikifika saa nne usiku, punguza kitufe cha sabufa. Filamu itaeleweka tu, na mtoto wa watu atalala.