Vitamini A na Pumzi ya Mtoto Mchanga

 

Kila Mei na Novemba, wiki za Malezi Bora zifikapo, akina mama wa Marafa na vijiji vya jirani huwapeleka watoto kupewa matone ya vitamini A. Mama mwenye mtoto wa siku chache huuliza: mbona wangu hapewi, naye ndiye mdogo zaidi na kifua chake ndicho dhaifu zaidi? Swali hili lastahiki jibu la elimu.

Ni kweli kwamba vitamini A ina kazi katika pumzi. Mtoto angali tumboni, mapafu yake huihitaji ili yaumbike sawasawa. Baada ya kuzaliwa, hiyo ndiyo itunzayo utando laini uliotandikwa katika njia za hewa, wenye ute na vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na vijidudu. Vitamini A ikikosekana, utando huo hukauka na kukakamaa, na maradhi yakapata mlango.

Kwa hivyo wataalamu walitaka kujua kama kumpa mtoto matone azaliwapo tu kungemwokoa. Kati ya 2010 na 2013, watoto wachanga wapatao 32,000 wa Dar es Salaam na mkoa wa Morogoro, Tanzania, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa yuniti 50,000 za vitamini A katika siku tatu za mwanzo. Jingine likapewa matone yasiyokuwa nayo. Walipofuatiliwa hadi miezi sita, vifo havikupungua. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu 2011, halipendekezi dozi hiyo kuwa ya kawaida kwa wachanga wote. Dozi huanzia miezi sita kwa yuniti 100,000. Atimizapo mwaka huwa 200,000, na hurudiwa kila miezi sita hadi miaka mitano. Basi muuguzi akikwambia "bado", hajamnyima mwanao haki yake.

Haki ya mchanga imewekwa kwingine: kifuani mwa mama. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yana vitamini A kwa wingi, pamoja na kinga ya maradhi. Yasikamuliwe yakamwagwa kwa kudhaniwa ni machafu. Na kwa miezi sita ya mwanzo, maziwa ya mama yamtosha mtoto.

Lakini maziwa hutokana na chakula, na hapa nawageukia akina baba. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha kwa miaka miwili, na papo hapo akamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama kwa wema. Wajibu huo hautaki utajiri. Mchicha, kisamvu na matembele yaliyoungwa kwa tui la nazi, boga, papai, embe bivu, yai na maziwa vyote vina fungu lake. Na mafuta ya nazi huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Ila mjamzito asijinunulie vidonge vya vitamini A bila agizo la daktari, kwani ikizidi humdhuru aliye tumboni.

Kisha tuuangalie moshi. Mtoto anayelazwa karibu na mafiga huvuta moshi wa kuni mchana kutwa, na hakuna tone la dawa liwezalo kuuondoa. Alazwe penye hewa safi, wala asivutiwe sigara chumbani.

Juu ya yote, tujue dalili za hatari. Mchanga akivuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani kila avutapo, akikoroma kwa kugumia, midomo ikigeuka buluu, au akikataa kunyonya, asingojewe hadi asubuhi wala asikandwe kifua kwa mafuta. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na akipewa rufaa ya Malindi au Kilifi, safari ianze saa ile ile. Baba asipokuwepo, mama asizuiliwe kwa kungojewa ruhusa; kuokoa nafsi hakungoji.

Dua tuombe, na sababu tuzifuate. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na awape mama zao afya. Amin.